Mke Mwenza Aliyekwama Kwenye Ngozi

Duka la Ushonaji, Sori,
Karungu.
Februari, 1964.

Kwa Mzee Gisiri,
Mabera.

Baba Mkwe Mheshimiwa,

YAH: KUONDOLEWA KWA MKE WANGU KATIKATI YA MATIBABU

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, tena kwenye kiti ambacho umekikagua chini. Sisi hapa Sori tu wazima, isipokuwa wale niliokusudia kukueleza habari zao.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kikuria changu kinaishia kwenye salamu, na Kijaluo chako kinaishia kwenye bei ya samaki. Kiswahili nilikipata Musoma nilikojifunza kushona, na ndicho ambacho mimi na binti yako Nyangi tumekitumia kupendana, kugombana na kupatana. Kwa sasa nakitumia kuzungumza na cherehani.

Mzee wangu, mimi si mtu wa kulalamika. Muulize yeyote hapa sokoni kuhusu Dishon fundi, atakwambia ni mtu mpole, ingawa kaptula zake huwa na mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Lakini mpole naye hufika mahali akachukua kalamu.

Kwanza nieleze ugeni huu ulivyoingia. Majuma yale ya Uhuru ziwa lilikuwa limepanda mpaka kwenye kizingiti cha duka langu, nami nilikuwa nashona bendera mchana kutwa. Asubuhi moja niliingiza mkono ndani ya kapu la mabaki, katikati ya vipande vyeusi, vyekundu na vya kijani, nikashika kitu baridi kilichonishika na mimi. Alikuwa chatu mchanga, ng'ielo kama tunavyomwita sisi, urefu wake hauzidi mkono wangu. Nyangi alikuja na jembe. Jirani yetu Leonida, yule mjane anayeanika omena, dagaa wa ziwani, mbele ya duka, akamzuia mlangoni. "Weka jembe chini, nyathina, mwanangu," alimwambia. "Huyu akija nyumbani kwa mtu ni baraka. Ukimuua, mvua itatudai."

Nyangi akaweka jembe chini. Hilo nalisema kwa haki yake. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. KUHUSU JINA. Mimi nilitaka mnyama huyu aitwe Uhuru, kwa heshima ya taifa. Nyangi alikataa. Alisema kiumbe kilichoingia ndani bila kuulizwa, kikapewa sanduku karibu na mume, kikaletewa panya kila kikishikwa njaa, wakati yeye mwenye nyumba anakula omena, jina lake ni moja tu. Akamwita Mke Mwenza. "Mke Mwenza amelala?" atauliza. "Mke Mwenza ameshiba leo? Basi tule na sisi." Wateja walicheka, na mimi nikacheka, maana nilidhani mzaha ukishatoka mdomoni hufia mlangoni. Sikujua kwamba Barnabas, yule anayepeleka omena kwenu kwa baiskeli, alikuwa anausikia pale nje na kuupakia juu ya magunia yake. Mzaha huo ulipanda mlima wote mpaka Mabera, na ulipofika huko ulikuwa umeshapoteza kicheko chake njiani. Nalalamika kwamba hakuna mtu wa boma lako aliyeniandikia kuuliza.

2. KUHUSU UGONJWA WENYEWE, ambao sikupata msaada wa mtu yeyote. Mwezi uliopita macho ya mgonjwa yaligeuka rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Akakataa panya. Leonida alinituliza, akasema nyoka wote hufanya hivyo, anataka kuvua ngozi ya zamani, mwache. Sasa mzee wangu, kumwambia fundi cherehani amwache mtu ambaye nguo imemkwama ni kumtukana.

Maana kweli ilimkwama. Nyoka wengine, nimeambiwa, huvua ngozi yote kwa mara moja kama soksi. Huyu wa kwangu alichanika vipande vipande. Kichwani kipande, mgongoni kipande, na kwenye ncha ya mkia ukabaki mduara uliobana kama mpira wa chupi ya mtoto. Macho yote mawili yalibaki na utando juu yake. Nyangi alisema ni joto la pasi yangu ya makaa, kwamba nimemweka mwenzake karibu na moto katika kiangazi hiki mpaka amekauka kama omena. Nilimjibu kwamba nimeshona nguo tangu Musoma na ninajua nguo ikibana hufanywa nini. Hufumuliwa.

Basi nilichukua kibano changu cha kutolea uzi, nikashika pindo la ngozi pale shingoni, nikavuta. Ikatoka pamoja na kipande cha ngozi mpya ambacho hakikuwa cha kutoka. Mgonjwa aligeuka akanishika kidole gumba, tena bila chuki, kama karani anavyogonga muhuri. Chatu hana sumu. Ana meno tu, na yote yanaelekea ndani, kwa hiyo ukivuta kidole unajishona mwenyewe. Ndiyo maana kwaya ya kanisa letu Jumapili ile iliimba ikiwa na kola nilizozishona kwa kidole hicho, zinazoelekea kila upande.

Baada ya hapo nilimpaka mafuta ya cherehani. Yalipokosa kazi, nikampaka mafuta ya kamongo, yule samaki wa matope. Ngozi haikutoka. Kilichotoka ni harufu, na wateja. Nyangi alihamishia jiko lake nje. Nalalamika kwamba alihama akicheka, wakati mimi nilikuwa nafanya kazi ya daktari.

3. KUHUSU ZIARA YAKO. Mzee wangu, mkwe haji kwa mkwewe bila kutuma mtu kwanza. Wewe mwenyewe ndiwe uliyenifundisha hilo, siku ile nilipokaa nje ya boma lako mpaka kuku wakanizoea. Halafu wewe ukatokea mlangoni kwangu saa za asubuhi, umevaa koti lako zito la jeshi katika jua la Sori, umekunja uso, na salamu yako ilikuwa fupi. Nilidhani umechoka na safari.

Nakumbusha mazungumzo yetu neno kwa neno, ili haki ionekane. Ulisema, "Nimesikia binti yangu amepata mke mwenza."

Nami, kwa furaha ya kuona kwamba habari za mgonjwa wangu zimefika mpaka Mabera na kwamba kuna mtu amefunga safari kuja kumwangalia, nilijibu, "Ni kweli, baba. Karibu sana."

Ukasema, "Hukuona haya? Hukuniambia?"

Nikasema, "Nilidhani Nyangi atakwambia. Yeye ndiye aliyempa jina."

Kisha ukauliza, "Yuko wapi huyo mwanamke?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama akajiuliza. Mimi nilijibu, "Yumo ndani ya sanduku, karibu na pasi. Lakini subiri kidogo, baba, anavua nguo na zimemkwama. Nimejaribu kumvuta mimi mwenyewe akaniuma. Pengine wewe mwenye mkono mzito utanisaidia."

Nalalamika, mzee wangu, juu ya namna ulivyonitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo hata na mwenye suti niliyoikata fupi. Nalalamika pia juu ya Nyangi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria, akasikia yote, akajua mara moja jambo linavyokwenda kombo, na badala ya kutuokoa akakaa chini juu ya kizingiti akacheka mpaka machozi yakamtoka. Angeweza kusema neno moja. Aliponiambia baadaye kwamba alijaribu kusema na sauti haikutoka, nilimwamini. Lakini bado nalalamika.

4. KUHUSU MEZA. Ulivua koti, ukalitupa juu ya meza yangu ya kukatia nguo, ukakunja mikono ya shati, ukafungua sanduku mwenyewe. Sikukuzuia kwa sababu nilidhani unajiandaa kunisaidia. Sasa najua ulikuwa unajiandaa kwa jambo jingine.

Mgonjwa alikuwa amepakwa mafuta ya aina mbili. Haoni. Nguo zimemning'inia. Tangu lini kiumbe katika hali hiyo kikaonyeshwa kwa mkwe? Nakiri kwamba kwa mila za kwenu na za kwetu, aliyestahili kuona haya siku ile alikuwa yeye, na nadhani aliona, maana alitoka sandukuni kama maji yanavyotoka kwenye mtungi uliopasuka.

Ulipiga ukelele. Sikulaumu kwa ukelele, ingawa nyoka anapojivua huhitaji utulivu. Nalalamika kwamba ulipanda juu ya meza yangu na viatu, ukakanyaga kitambaa cha harusi ya watu. Najua utajibu kwamba ulinikuta tayari niko juu yake. Ni kweli. Lakini meza ni yangu, na mimi nilikuwa peku.

Tuliposhikana pale juu, baba, mkwe na mkwe, wewe umenikumbatia shingo na mimi nimekumbatia kiuno chako, bakuli la maji ninayonyunyizia nguo kabla ya kupiga pasi lilimwagika lote juu ya koti lako. Koti likaanguka sakafuni. Chatu, ambaye kwa upofu wake alikuwa anatafuta giza na mahali pa kujibana, akaingia ndani ya mkono wa koti.

Nilifurahi, mzee wangu. Sitaficha. Nilikuwa bado nimekushika kiuno, nikapaza sauti nikasema, "Ameingia! Msimguse!"

5. KUHUSU PASI. Hapa nitakuwa mfupi.

Nyangi aliacha kucheka akaingia mbio, maana baba yake alikuwa anapiga kelele na mume wake pia. Sakafu ilikuwa na mafuta ya kamongo. Akateleza. Akanyoosha mkono kujizuia, na kilichokuwa hapo cha kushika ni pasi, nayo ilikuwa imejaa makaa.

Aliita jina langu.

Niliruka kutoka juu ya meza. Nalalamika kwamba nyumba ilikuwa na kelele nyingi, na kwamba koti lilikuwa karibu nami kuliko yeye, na kwamba alikuwa karibu kuukanyaga ule mkono wa koti. Nilisema, "Angalia usimkanyage!" Nikaliinua koti kwanza, nikaliweka mahali salama. Halafu nikageuka.

Ulikuwa umeshashuka mezani. Ulikuwa umeshamshika bega. Hakulia. Alinitazama tu mimi na koti lako mikononi mwangu, akasema polepole, "Basi ukae naye." Mkatoka. Leonida aliwafuata na maji akimmwagia mkononi mpaka kwenye kona ya soko, na mimi nilisimama mlangoni nimelipakata koti.

Hayo ni malalamiko ya tano. Sikumbuki nilikusudia kulalamika nini hapo.

6. KUHUSU MATOKEO, ambayo yananipa haki katika mambo yote. Koti lako, mzee, ni la sufu nene, ya kukwaruza, na lilikuwa limelowa chapachapa. Mgonjwa alikaa ndani ya mkono ule mchana wote, akijisogeza na kujisugua. Alipotokea upande wa kiganja, mwili wake wote wa katikati ulikuwa mpya, unang'aa kama kiatu cha mkuu wa wilaya siku ya gwaride. Ndani ya koti niliikuta ile ngozi ya zamani imenata kwenye sufu, kipande kirefu kizima.

Mimi, fundi nguo, ninayenyunyizia kila kitambaa maji kabla ya kukigusa, nilikuwa nimemvuta kiumbe mkavu kwa kibano. Leonida aliposikia alisema tu, "Hata omena tukitaka kuzitoa kwenye turubai bila kuzivunja tunanyunyizia," akaenda zake. Tangu hapo nimehamisha sanduku mbali na pasi. Namweka ndani ya karai lenye maji vuguvugu yasiyofika mgongoni, kisha namwingiza kwenye gunia lililoloweshwa nikalikamua, namwacha ajisugue mwenyewe. Sivuti kitu. Ule mduara wa mkiani ulilainika, ukateleza ukatoka kama pete, na ncha ya mkia imerudi rangi yake. Jicho la kulia limefunguka.

Limebaki la kushoto.

Na hapo, mzee wangu, ndipo malalamiko yangu yanapogeuka kuwa ombi. Utando wa jicho si jambo la kuguswa na fundi mwenye kidole kilichofungwa kitambaa. Anahitajika mtu mwenye subira wa kumshika kichwa, huku mwingine akimwekea kitambaa chenye maji. Leonida hataki, anasema baraka hutazamwa, haishikwi. Mtu pekee mwenye mkono mwepesi katika soko hili zima ni Nyangi. Namtaka kwa kazi hiyo tu. Mkono alioungua, ambao nadhani ni wa kushoto, unaweza kupumzika. Wa kulia unatosha. Sisemi haya kwa upweke. Mimi si mpweke. Nyumba imetulia, hakuna anayenicheka, jiko liko nje pale pale alipoliacha, na ugali ninaoupika mwenyewe hata chatu anaukwepa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo bila hasira. Mosi, umruhusu mke wangu arudi kwa ajili ya jicho. Pili, utangaze mbele ya wazee wa Mabera kwamba sijaoa mke wa pili, na kwamba yule uliyemwona hakuwa mwanamke. Tatu, unikubalie kwamba katika mkasa wote huu mimi ndiye niliyekuwa sahihi, kwa kuwa mgonjwa amepona, na daktari hupimwa kwa mgonjwa wake. Koti lako analileta Barnabas. Nimelifua, na mshono wa kwapa uliokuwa umeachia nimeushona kwa uzi wa bendera, kwa kuwa mwingine uliisha.

Nisalimie wote wa boma lako, wakubwa kwa wadogo. Nisalimie Mama Mkwe, ambaye kwa heshima simtaji jina wala sisimami mahali anapopita. Mwambie namwamkia nikiwa nimeinamisha macho hata hapa kwenye karatasi. Wasalimie mashemeji, na umsalimie yule kaka yake Nyangi aliyeapa kunivunja mguu. Mwambie nimepokea habari zake kwa Barnabas na ninamtakia afya njema.

Ni mimi mkweo mtiifu, niliyeonewa,

Dishon, Fundi wa Nguo.

N.B. Barua ilikuwa imeshakunjwa. Barnabas yuko nje anapiga kengele ya baiskeli, na Leonida anamwambia angoje. Nimeifungua tena kwa sababu sasa hivi, nilipokuwa natafuta gundi, nilichungulia ndani ya gunia. Chatu alikuwa ameegemeza shavu kwenye mshono, anajisugua taratibu. Utando ulitoka wenyewe. Mdogo, mzee, kama glasi ya saa. Alikuwa ananitazama kwa macho yote mawili.

Niligeuka nikasema kwa sauti, "Nyangi, njoo uone!"

Basi hakuna jicho tena. Hakuna kazi ya mkono mwepesi hapa, na chatu mwenyewe jioni ya leo nampeleka kwenye mafunjo, Leonida ameshakubali kwamba baraka inaweza kukaa hapo karibu na maji. Sababu zote nilizokuandikia zimekwisha, na Nyangi bado namtaka.

Nimesoma kurasa hizi tena upesi upesi. Nimeandika mengi juu ya mkono wa koti, na sijauliza mahali popote habari za mkono wa mwanao. Sijui hata kama ni wa kushoto. Tafadhali muulize unaendeleaje. Futa namba moja mpaka sita. Usimwambie aje, mwambie tu kwamba nimeuliza.

Jumamosi nitakuja mwenyewe Mabera, kaka yake akiwepo au asiwepo. Nitakaa nje ya boma. Nitaingia nikiitwa.